Picha za Embu Kwenye Mkeka wa Gachoka

Mara ya kwanza nilipopiga picha za tamasha la muziki wa metali, niliisimamisha bendi katikati ya wimbo. Nilipanda jukwaani, nikainua mkono kama nifanyavyo kwenye harusi, nikasema kwa sauti yangu ya kazi, "Samahani, tutazame huku kidogo, wote wanne. Wewe wa ngoma, inua kidevu." Mpiga ngoma, mwanamke wa miaka thelathini hivi ambaye siku za kazi hushona sare za shule, alinyamazisha matoazi kwa viganja na kuinua kidevu. Mwimbaji akasimama wima, akafunga mdomo. Mpiga gitaa alificha gitaa lake nyuma ya mgongo, nafikiri kwa adabu tu. Nikapiga picha tatu, nikasema asanteni, nikashuka. Ukumbi mzima, hapo Kinoru, ukaangua kicheko, na sauti ya kijana fulani ikatoka nyuma: "Mzee, bado keki!"

Picha zile tatu ninazo. Zimetulia, mwanga wake ni sahihi, na hazina kosa lolote isipokuwa kwamba ungedhani ni za kamati ya ushirika wa maziwa.

Nina studio mjini Meru, chumba kimoja chenye pazia la bluu na pazia jeupe. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimepiga picha za vitambulisho, harusi, mahafali na mazishi. Sikuisomea kazi hii shuleni. Nilinunua kitabu cha mitumba kuhusu mwanga, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, nikakisoma mara nne. Jina la mwandishi wake silijui mpaka leo. Nilichokikosa kitabuni nilikitafuta kwa kujaribu, na kila jaribio nililiandika kwenye daftari: saa, hali ya mawingu, upande wa dirisha, kasi ya shata. Wakati mmoja niliweka yai dirishani nikalipiga picha kila baada ya saa moja, kutwa nzima, ili nijue kivuli kinatembeaje. Nilikusudia kufanya hivyo wiki nzima. Siku ya tatu mke wangu alilikaanga.

Aliyeniingiza kwenye metali ni mwimbaji mwenyewe. Alikuja studio mwezi wa kumi na moja kupiga picha ndogo ya barua ya kazi. Alikuwa karani wa kupokea maziwa kwenye ushirika mmoja huko milimani, yule anayechovya kipimo ndani ya mtungi wa mkulima na kumwambia kwa upole kwamba leo kuna maji. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilimwomba arudie jina mara mbili. Alipokuwa akisubiri picha zikauke aliniuliza kama huwa napiga picha za tamasha. Nikadhani ni kwaya.

"Ni za nyimbo gani?"

"Ni za kelele kidogo, Mzee."

Nikakubali. Sikujua kwamba nimekubali kiangazi kizima. Kwetu bendi za roki na metali hufanya kazi zaidi kati ya Desemba na mwisho wa Februari. Mvua imekwisha, kumbi za shule ziko tupu, vijana wamerudi nyumbani kutoka vyuoni, na barabara za kushuka Mbeere hazina matope. Tamasha huanza saa nane mchana na kwisha kabla ya saa kumi na mbili, kwa sababu hata shabiki wa metali ana ng'ombe wa kukamua jioni. Karibu kila wikendi nilikuwa mahali: Kinoru, Embu mjini, kisha Kinoru tena.

Tatizo langu la kwanza lilikuwa mdomo. Katika kazi yangu, picha yenye mdomo wazi ni picha iliyoharibika. Bi harusi akipiga chafya, naifuta. Mchungaji akiwa katikati ya neno, naifuta. Sasa hapa kulikuwa na mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kufungua mdomo, na mkono wangu, kwa mazoea ya miaka, ulikuwa unasubiri aufunge ndipo ubonyeze. Nilirudi nyumbani kutoka tamasha la pili na picha mia na kitu za mwanamume anayevuta pumzi.

Nilikwenda kumwona mpiga ngoma kwenye chumba chake cha ushonaji. Alinikaribisha bila kuacha kushona sketi ya shule.

"Fundi, wewe unamtazama yeye," aliniambia. "Ukimtazama yeye utachelewa kila siku. Nitazame mimi."

"Nikutazame wewe nimpige picha yeye?"

"Tazama bega langu la kushoto. Likipanda, hesabu moja, mbili. Yeye anapasuka."

Akanionyesha kwa mashine ya kushonea. Mguu wake ulikanyaga pedali, sindano ikakimbia kwenye kitambaa, bega likapanda, moja, mbili, akapaza sauti "Haaa!" na mteja aliyekuwa mlangoni na mtoto akarudi nyuma hatua tatu. Nikaandika kwenye daftari: *bega la kushoto, hesabu mbili.* Nyimbo zao zilikuwa kumi na moja. Tulizipitia zote pale, sketi kwa sketi.

Kuanzia hapo kazi ilinoga. Nilijifunza kuziba masikio kwa pamba, lakini si sana, maana mwili unahitaji kusikia ili ujue wakati. Nilijifunza kwamba ukumbi wenye mabati machache ya plastiki juu ya paa ni bora kuliko taa zozote, kwa sababu jua la saa tisa hushuka kama nguzo, na ukimjua mwimbaji wako unajua ni lini ataingia ndani ya nguzo hiyo. Nilijifunza kusimama pembeni ya spika wala si mbele yake, baada ya kusimama mbele yake mara moja. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia kufurahi katika umri wangu. Vijana wakazoea kuniona na fulana yangu ya mifuko mingi, wakaanza kunipisha: "Pisheni buda wa picha, pisheni!" Na nywele zao zilipoanza kuzunguka nilikuwa nimeshahesabu zinachukua muda gani kumaliza mzunguko.

Katikati ya Januari walipiga Kianjai, kwenye uwanja ulio kando ya soko, siku ya soko. Wauzaji wa ndizi hawakuwa na namna ya kutosikia. Mama mmoja mtu mzima aliacha mikungu yake akaja kusimama karibu nami, mikono kiunoni, akamtazama mwimbaji wimbo mzima.

"Huyu ni wa nani?" akaniuliza.

"Sijui ukoo wake, mama. Ni mtu wa maziwa, kule juu."

"Basi mwambieni ayanywe hayo maziwa. Koo limekauka hilo."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaketi juu ya gunia. Lakini nilipogeuka baadaye nilimwona yule mama bado yuko, na kichwa chake kilikuwa kinaenda na ngoma.

Baada ya tamasha hilo tulikunywa chai na mandazi kwenye kibanda, mwimbaji na mimi, wengine wakipakia spika. Ndipo aliponieleza jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Alikuwa na mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, kwao Gachoka. Walikuwa wamesubiriana miaka miwili. Sasa baba wa binti alikuwa amekubali kuwapokea wazee kutoka Meru, Jumapili ya mwisho ya Januari, kwa ajili ya posa. Baba huyo alikuwa mkulima na mfugaji wa mbuzi, mzee wa kanisa, na hakuwa amesikia neno hata moja kuhusu bendi.

"Mwenzako anajua?" nikauliza.

"Yeye ndiye aliyenishonea lile koti la jukwaani. Anajua yote."

"Na kwa nini babake hajui?"

Alizungusha kikombe. "Mzee, yule baba alishawahi kumrudisha mtu. Kijana aliyekuja kumposa dada mkubwa. Alisema ni mfanyabiashara, hakusema biashara gani. Kumbe alikuwa anauza pombe. Baba akasema pombe si neno, neno ni kufichwa. Akawafungulia lango warudi kwao, na chakula kiko mezani."

Mpango wao ulikuwa huu. Msemaji wa upande wa kijana, mwalimu mkuu mstaafu mwenye maneno laini, angelieleza jambo hilo mwenyewe baada ya chakula, kwa utaratibu, wakati matumbo yameshiba na mioyo imetulia. Kijana mwenyewe hasemi siku ya posa. Anakaa, anatazama chini, anasemewa.

"Wakiambiwa kwanza, nina nafasi," alisema. "Wakiona kabla ya kuambiwa, nimekwisha. Na nataka picha ya siku hiyo uje upige wewe, Mzee. Wewe pekee unanijua sura zote mbili."

Nikasema nitakuja.

Sasa lazima nieleze utaratibu wangu, kwa sababu kosa lilitoka humo humo. Kwenye sherehe za kwetu watu hawapendi kungoja picha. Mgeni akiondoka bila picha mkononi anahisi hakufika. Kwa hiyo mimi hubeba printa ndogo inayotumia betri ya gari, naiweka kwenye meza chini ya kivuli, na picha zikitoka zinatandikwa kwenye mkeka ili kila mtu atafute uso wake. Kadi ya kamera ikijaa naiingiza kwenye printa, naiagiza itoe zote, nami naendelea kupiga kwa kadi nyingine. Kadi tupu hukaa mfuko wa kulia wa fulana yangu, kadi zilizotumika hukaa mfuko wa kushoto. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kukosea, na kwa kuwa sikuwahi kukosea, niliacha kukagua.

Jumamosi tulikuwa Embu mjini kwa tamasha kubwa kuliko yote ya kiangazi kile. Mwimbaji alikuwa amepaka masizi kuzunguka macho, na nguzo ya jua ilimwangukia mara tatu. Nilijua kwamba nimepata picha bora za maisha yangu. Nililala Embu kwa ndugu yangu, nikaamka alfajiri, nikavaa koti la heshima kwa ajili ya posa. Fulana ya mifuko mingi ilikuwa imening'inia kwenye kiti, kifua chake kikinitazama. Nikahamisha kadi kwenda kwenye koti: za kulia kulia, za kushoto kushoto. Msomaji aniangalie vizuri hapo. Nguo uliyoivaa na nguo inayokutazama haziko upande mmoja. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unachukua kutoka mfuko wa kushoto.

Tulifika Gachoka saa nne. Wazee kutoka Meru walisimama langoni na mbuzi wawili wa heshima, wakaulizwa maswali ya mzaha kama ilivyo desturi, wakajibu, wakafunguliwa. Nilipiga picha za langoni, za salamu, za wazee wakiketi, za shangazi wakiimba na kibuyu cha uji. Ndani ya kamera ilikuwa kadi niliyoitoa mfuko wa kulia, nayo ilikuwa bado na nafasi. Kihesabu cha picha kilikuwa kinaonyesha namba kubwa pembeni, lakini sikuitazama.

Mwimbaji alikuwa ameketi kati ya wazee wake, suti ya kijivu, mikono juu ya magoti. Ungempiga picha ya pasipoti hapo hapo. Baba mwenye nyumba, mtu mrefu mkavu, mwenye kofia ya kahawia, alikuwa amemtazama mara mbili na kuonekana kuridhika.

Kabla ya chakula niliitoa kadi, nikaiingiza kwenye printa, nikaiagiza itoe zote, nikaenda kunawa. Shangazi mmoja wa binti, mama mchangamfu aliyejua kuagiza watu, alijitolea kuzipanga picha mkekani. "Nenda ule, fundi," aliniambia. "Kupanga ni kazi ya wanawake, nyinyi mnachanganya."

Nilikuwa na kipande cha nyama mkononi niliposikia ukimya. Kila sherehe ina kelele yake, na mpiga picha hujua inapokatika. Nikageuka. Watu walikuwa wamesimama kuuzunguka mkeka. Printa hutoa picha kwa mpangilio wa zilivyopigwa, na za kwanza kupigwa hazikuwa za langoni. Shangazi alikuwa amepanga safu mbili kamili za tamasha la Embu. Mpiga ngoma, nywele hewani. Mpiga gitaa amepiga magoti kama anayetubu. Na katikati, wazi, kali, na jua likimpiga usoni, bwana arusi mtarajiwa, masizi machoni, mdomo wazi mpaka jino la mwisho.

Nilipofika, baba alikuwa ameshaiokota ile ya katikati. Aliishika kwa ncha za vidole. Akaitazama, akamtazama kijana, akaitazama tena.

"Mtu wa picha," alisema, "huyu ni huyu?"

"Ndiye, mzee. Kosa ni langu, hizi picha si za leo, kadi—"

"Sikukuuliza kosa. Nimeuliza kama huyu ni huyu."

"Ni yeye."

"Alikuwa anaumwa na nini?"

Mwalimu mkuu mstaafu alikohoa na kuinuka. "Mwenyeji wetu mpendwa, jambo hili tulikuwa tumelipangia nafasi yake baada ya chakula. Wahenga walisema—"

"Mwalimu, keti," alisema baba, bila ukali. "Wahenga walishakula. Leo atasema mwenyewe."

Desturi ilikuwa imevunjwa mbele ya macho yetu, na mwimbaji hakuwa amejiandaa. Akasimama. Nilimwona binti mlangoni pa jiko, amekunja kitambaa cha kufutia vyombo mpaka kimekuwa kamba.

"Ninaimba, baba," alisema kwa ile sauti yake ndogo.

"Sema tusikie."

"Ninaimba. Nina bendi. Hapo nilikuwa naimba."

"Huku ni kuimba?"

"Ndiyo, baba."

"Na kanisani unaimba hivi?"

"Hapana, baba. Kanisani niko sauti ya pili."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Baba hakucheka. "Ulikuwa unanificha."

"Nilikuwa naogopa. Tulitaka kukuambia leo."

"Baada ya chakula."

"Baada ya chakula, baba."

Baba aliigeuza picha, akaangalia nyuma yake kana kwamba kuna maelezo huko. Nilikuwa nimeshaanza kukunja waya wa printa. Nilijua kwamba kama lango lingefunguliwa, mimi ndiye nilikuwa nimelifungua.

Ndipo shosho wa nyumba hiyo, mama yake baba, alipoomba apewe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na ukuta, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani. Aliileta picha karibu na pua, akaipeleka mbali, akaileta tena. Kisha akasema jambo refu kwa Kimbeere, huku akigonga ule mdomo wazi kwa ukucha. Sisi wa Meru tuliokota neno hapa na neno pale. Shangazi alitutafsiria huku akijizuia kucheka.

"Anasema tangu mawele yatoe vichwa yeye ndiye anapanda dungu kila asubuhi kufukuza ndege. Anasema wajukuu wote wana sauti za simu. Wanapiga kelele mara mbili, wanakaa. Anasema mdomo kama huu aliuona mara ya mwisho kwa marehemu mumewe." Akamsikiliza tena. "Anauliza, hiyo sauti inafika mtoni?"

Mwimbaji alitazama chini. Baba alimtazama mamake, na nilichokiona usoni mwake kilikuwa ni cha mtu anayejua kwamba mamake akishauliza swali, swali hilo halitaondoka.

"Inafika?" akamuuliza kijana.

"Sijawahi kujaribu mtoni, baba. Huwa kuna maikrofoni."

"Twende."

Tukaenda sote, wazee wa pande zote mbili, akina mama na sahani mikononi, mpaka ukingo wa shamba. Mawele yalikuwa yamekomaa, yameinamisha vichwa, na kwelea walikuwa ndani yake wengi mpaka shamba lilionekana linatikisika bila upepo. Dungu la shosho lilisimama katikati, miti minne na sakafu ya fito. Mwimbaji alivua koti la suti, akampa msemaji wake. Akapanda. Akasimama hapo juu na shati jeupe, akafunga macho. Nikajikuta natafuta bega la kushoto la mpiga ngoma.

Sina picha ya kilichofuata. Kamera ilikuwa mezani, haina kadi. Ninachoweza kusema ni kwamba sauti ile, bila spika, bila ukumbi, ilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia, na ilitoka chini sana, kama jiwe linalovutwa juu ya jiwe. Ilidumu. Ndege wote waliinuka kwa pamoja, shuka moja jeusi, wakageuka angani na kwenda upande wa mto. Mbwa wa nyumba tatu wakaanza kubweka. Na nyuma yetu kamba zikakatika: mbuzi wawili wa heshima waliotoka Meru walipita kati ya wageni, wakaruka ua wa miiba na kushika njia.

"Mahari inakimbia!" shangazi akapiga kelele. "Wazee, mahari inakimbia!"

Mwalimu mkuu mstaafu, mwenye suti, tai, na koti la mtu mwingine mkononi, alikuwa wa kwanza kuwafuata. Baba wa binti alikuwa wa pili. Ilichukua muda kuwarudisha. Waliporudi, wote wawili, kila mmoja na mbuzi wake, suruali zimejaa mbegu za nyasi, walikuwa wanacheka kama watu waliosoma darasa moja.

Shosho alikuwa hajatoka shambani. Alikuwa anasikiliza. "Wamevuka mto," alisema kwa Kiswahili, ili sote tuelewe.

Tuliporudi kuketi, baba alivuta pumzi kwanza. Kisha akasema, akimtazama kijana na si msemaji:

"Sijasema nimependa. Nimesema nimesikia. Ni mambo mawili."

"Ndiyo, baba."

"Ungeniambia mwenyewe, mwezi uliopita, kwa simu, ningekasirika siku mbili, nikamaliza. Sasa nimekasirika leo na nina wageni."

"Nisamehe, baba."

"Lango sitafungua. Lakini leo hatupangi siku ya kurudi. Mavuno bado wiki mbili, na mama yangu ana miaka mingi ya kupanda dungu. Wewe una likizo?"

Kijana akasema anaweza kuomba.

"Omba. Njoo ukae kwa kaka yangu hapo ng'ambo. Asubuhi uko juu ya dungu kabla ndege hawajaamka. Jioni unakuja hapa, tunakaa, unaniambia mambo mengine ambayo sijui. Mwisho wa wiki hizo mbili nitakuwa nimekujua. Ndipo nitawapigia wazee wako simu, au sitawapigia."

Hilo ndilo tulilorudi nalo Meru, si ndiyo wala hapana. Njiani hakuna aliyenilaumu, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko kulaumiwa. Jumatatu niliinyoosha fulana yangu juu ya meza, nikashona uzi mwekundu kwenye mfuko wa kadi zilizotumika, na mweupe kwenye ule mwingine. Nikaandika kwenye daftari kwamba mkono hauna macho.

Bendi iliahirisha matamasha mawili. Mpiga ngoma alikuja studio kunisuta.

"Fundi, umetuuzia mwimbaji kwa ndege."

"Nilikosea mfuko."

"Ulikosea mfuko, sasa sisi tunafanya mazoezi bila sauti. Mpiga gitaa amejaribu kuimba. Mteja wangu mmoja aliuliza kama kuna mtu amefungiwa ndani."

Lakini naye alikuwa anangoja kama mimi. Kila alipopita alichungulia mlangoni na kuinua nyusi, nami natikisa kichwa. Mwimbaji alitutumia ujumbe mfupi mara mbili tu. Wa kwanza: *Nimeamka saa kumi na moja. Shosho ananisahihisha.* Wa pili, siku ya tisa: *Baba ameuliza maneno ya nyimbo. Nimemwambia yote. Moja amesema ni kweli.*

Siku ya kumi na nne nilikuwa napiga picha ya kitambulisho, mteja ameketi mbele ya pazia la bluu, ametulia, mdomo umefungwa. Mwalimu mkuu mstaafu aliingia bila kubisha hodi, simu mkononi, akifuta jasho. Alikuwa ametoka kuzungumza na Gachoka.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Nikupe kama alivyosema?"

"Kama alivyosema."

Alisimama vizuri, kama mtu anayesoma tangazo kwenye paredi ya shule.

"Amesema, 'Mwalimu, mama yangu amevuna. Ndege wote wamehamia kwa jirani, na jirani amekuja hapa mara mbili kuulizia kama nina binti mwingine wa kuleta mkwe kama huyu. Njooni upesi tumalize.'"